Aliyengoja Zamu Nyuma ya Cyril

Edna Sugden ndiye aliyekiona kwanza. Mumewe Cyril alikuwa amefunga mapazia saa kumi jioni, akawasha mashine yake ya slaidi, na picha za matembezi ya Jumamosi zikawa zinapita ukutani, treni ya mvuke hii na treni ya mvuke ile, kama kila wiki kwa miaka thelathini na moja. Edna anafuma soksi. Kwa kawaida hatazami hata; akisikia mashine imelia kacha, anasema tu, "Nzuri hiyo, mume wangu." Siku hiyo akanyanyua macho.

"Ulikuwa na nani?"

"Niwe na nani? Wewe ulijifungia garini na chupa yako ya chai."

"Basi huyo nani?"

Wapenzi wa treni hupiga picha jua likiwa mgongoni, kwa hiyo mara nyingine kivuli cha mpigaji hulala mbele yake majanini. Cha Cyril kilikuwepo: kifupi, na kofia yake bapa, kimelalia upande kwa sababu ya goti bovu. Nyuma yake kidogo kulikuwa na kingine. Kirefu, kimenyooka kama nguzo.

Cyril akausogelea ukuta. "Kuna jamaa alisimama katikati ya picha yangu, pale mdomoni mwa handaki. Ana koti refu. Na treni ndiyo hiyo inakuja! Nikamwita, 'Bwana mkubwa, unaniharibia picha! Njoo nyuma yangu, nikimaliza itakuwa zamu yako.'"

"Akaja?"

"Alikuja. Sikumtazama, nilikuwa natazama treni. Kugeuka, hakuna mtu. Na kwenye umande, Edna, nyayo ni zangu peke yangu."

Hao watu wa treni wana adabu yao. Hata wakijaa kando ya reli kama kunguru, hawasukumani. Aliyewahi yuko mbele, wa nyuma anangoja. Wa mbele akimaliza, anapisha, na wa nyuma anashika nafasi yake. Cyril alimkaribisha yule kwenye foleni kama ambavyo angemkaribisha mtu yeyote.

Katika picha za Jumamosi iliyofuata kivuli kirefu kilikuwa hatua moja karibu zaidi. Iliyofuata tena, mabega yao yaligusana. Halafu kikaingia nyumbani. Kwanza ikawa harufu ya masizi mabichi nyuma ya kiti cha Cyril, Edna akafua mapazia, akapiga deki, akaita mfagia bomba la moshi, na harufu ikabaki palepale, upana wa mtu mmoja. Kisha ikaja sauti, mchana kweupe, wakati wanakula keki ya tangawizi, sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, akishusha pumzi polepole kama anayeona mwenzake anachelewa, na Cyril akawa hageuzi tena shingo, anakula akitazama mbele, jasho linamtiririka ndani ya ukosi.

"Usigeuke," alinong'ona. "Na usiniulize kama nimemaliza chakula."

Edna akaenda kumwita Kasisi Threlfall, mtu mpole, mnene, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupiga picha ya treni hata moja. Alisali, akanyunyiza maji, akaisikia ile pumzi na uso ukamgeuka majivu.

"Jini hili linangoja nini?" aliuliza chini chini.

"Linangoja nimalize."

"Basi liambie umemaliza, mwanangu. Kwa upole. Lishukuru, liende zake."

Cyril alitikisa kichwa. "Baba kasisi, wewe hujui. Nikimaliza mimi..."

"Sema, mume wangu!" Edna alimshika mikono yote miwili, analia. "Siwezi tena, nakusihi. Sema tupumzike."

Cyril alimtazama mkewe. Hakuwahi kumnyima kitu.

"Bwana," akasema, bila kugeuka, "nimemaliza. Ahsante kwa kungoja."

Pumzi ikakatika. Harufu ikaondoka, kama mlango umefunguliwa. Cyril akainuka kitini, wima, bila kushika goti, na Edna akamrukia shingoni akicheka na kulia pamoja, na kasisi akaomba chai yenye sukari nyingi.

Jumamosi Cyril alitoka peke yake. Hakutaka chai ya chupa. Slaidi ziliporudi kwa posta kutoka kusafishwa, Edna alizifungua yeye, mapazia wazi, akainua ya kwanza dirishani.

Vivuli viwili. Cha mbele kirefu, kimenyooka, kimeshika kamera. Nyuma yake kifupi, cha kofia bapa, kimelalia upande, kimenyoosha mkono kama mtu anayeomba apishwe.

Akainua ya pili, na ya tatu, na zote thelathini na sita. Mkono ule haukushuka katika hata moja.

Mlango ukafunguka. Aliingia mwanamume mwenye uso wa Cyril, akavua koti, akaketi kwenye kiti cha Cyril, akaanza kutia filamu mpya kwenye kamera.

"Utamaliza lini?" Edna aliuliza. Akaweka slaidi chini, akarudia. "Tafadhali, bwana. Utamaliza lini?"

"Nimalize?" Alitabasamu kwa meno ya mumewe. "Mke wangu, mimi ndiyo kwanza naanza."