Margwe Aliogopa Sindano

Kissa aliishika fulana kwa mkono mmoja, mwanamume asiyemjua akaishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Ilikuwa siku ya mnada Katesh. Vumbi lilipanda, mbuzi walilia upande wa chini, na harufu ya nyama choma ilipita juu ya marundo ya mitumba ikiwaita watu kwa majina. Kissa alivaa gauni la njano na sweta zito la bluu, maana upepo wa Mlima Hanang haujali kama jua linawaka. Mwenzake alivaa koti la ngozi lililochakaa viwiko, na kofia aliyoisukuma nyuma kama mtu aliyezoea kutazamwa.

"Kaka, nimeiona mimi kwanza."

"Dada, macho yako yalikuwa kwenye zile sketi. Nilikuwa nakuangalia."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi, si fulana?"

Yule mwanamume akafungua kinywa, akakosa neno. Baadaye, watu waliomfahamu waliposimuliwa, hawakuamini kwamba Patriki, mshereheshaji wa harusi kutoka Bashay, aliwahi kukosa neno.

"Jamani," Shumbana, mwenye mitumba, akaingilia, "mnanunua au mnaoana? Mtanichania mali!"

Fulana ilikuwa nyeusi, na kifuani ilikuwa na picha ya Margwe, mpiga dramu wa bendi ya Radi, nywele zimemsimama, ulimi nje. Margwe alikuwa amefariki miaka michache nyuma, lakini Katesh ilikuwa haijamaliza kumzungumzia. Kwa watu waliozoea kwaya na muziki wa harusini, yeye ndiye aliyewaletea roki. Alipiga pekupeku, akirusha viatu vyake kwa mashabiki, na asiyerudisha kiatu alihesabiwa kuwa amebarikiwa.

"Ulimwona jukwaani?" Patriki akauliza.

"Sikubahatika. Nimeona video tu."

"Pole! Basi hujaona kitu. Siku moja umeme ulikatika stendi, magitaa yakazima. Margwe akashuka, akawapanga waendesha bodaboda na helmeti zao kichwani, akawapiga vichwa mpaka wimbo ukaisha! Kichwa cha mwisho kupigwa kilikuwa changu. Kizunguzungu kilinikaa mpaka jioni."

Kissa akacheka mpaka mkono ukalegea. Patriki angeweza kuivuta fulana wakati huo. Badala yake akaiachia.

"Chukua. Lakini nipe namba yako ya simu, nije niisalimie."

"Uje uisalimie fulana?"

"Na mwenyewe, akiwa nyumbani."

Simu za Patriki zikaanza jioni ileile, na alipojua kwamba Kissa ni nesi, hazikukoma tena.

"Nesi wangu, naumwa."

"Dalili?"

"Moyo unapiga kama Margwe."

"Kunywa maji, lala. Kesho ukiamka mzima ujue ilikuwa njaa."

"Una roho ngumu wewe! Huko kwenu Tukuyu mnalishwa mawe?"

"Ndizi. Mawe tumeyakuta huku kwenu."

Kissa alikuwa ameletwa Hanang na ajira ya serikali, mgeni asiye na ndugu hata mmoja, na miaka yake ya kwanza ilikuwa ya baridi na upweke. Sasa alijikuta akitoka kazini akitabasamu peke yake. Patriki alimpeleka kula chipsi, akamfundisha kusalimia Kiiraqw, akamcheka matamshi, naye akacheka zaidi Patriki alipojaribu Kinyakyusa. Pamoja na mashabiki wengine waliandaa Siku ya Margwe, na ilieleweka kwa wote kwamba maikrofoni itashikwa na Patriki.

Jumapili moja walipanda mteremko wa Mogitu. Chini kabisa, Ziwa Balangida lilimeta kwa chumvi. Kissa akaegemeza kichwa kwenye lile koti la ngozi.

"Patriki, nilikwambia sikumwona Margwe jukwaani. Lakini nilimjua. Siku zake za mwisho alilazwa wodini kwetu."

Patriki akageuka, macho yamemtoka.

"Alikuwa anaogopa sindano," Kissa akasema taratibu. "Yule mwanamume mzima! Akiniona na trei anaita mama yake. Ikabidi niwe namwimbia wimbo wa nyumbani, naye anapiga mdundo kwa vidole kwenye chuma cha kitanda mpaka nimalize. Hiyo ni siri ya mgonjwa. Sijawahi kumwambia mtu."

"Imezikwa, mpenzi," Patriki akasema, akambusu kwenye paji la uso. "Imezikwa hapa."

Siku ya Margwe uwanja ulifurika. Walikuja watu wa Dongobesh na Haydom, wazee kwa vijana, wengine wamesimamisha nywele kwa jeli. Kissa alivaa ile fulana na sketi ya jinzi, akasimama pembeni na Mectilda, nesi mwenzake. Mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima, alikaa Mama Margwe, mzazi wa marehemu, amejitanda kitenge.

Gari lililobeba bendi liliharibika njiani. Patriki akajaza muda. Alisimulia ya helmeti, watu wakashangilia. Alisimulia jinsi Margwe alivyopiga dramu juu ya pikapu inayotembea, ilipofunga breki akaruka na kutua kwenye mkokoteni wa nyanya, akaendelea kupiga. Alisimulia kila alichokuwa nacho. Bendi haikutokea. Watu wa nyuma wakaanza kuondoka.

Ndipo Kissa alipomsikia akisema, "Lakini hamjui kitu kimoja. Simba wetu alikuwa anaogopa sindano! Nina habari kutoka kwa nesi wake, na nesi wake ni mpenzi wangu!"

Akabana sauti, akajifanya anaikimbia sindano jukwaa zima, akilia, "Mamaa! Mamaa!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mama Margwe akajivutia kitenge usoni, mabega yakaanza kumtikisika. Kissa akageukia njia ya kutokea.

"Twende," akamwambia Mectilda.

Patriki alipiga simu mfululizo. Siku ya pili Kissa akapokea.

"Kissa, mpenzi, watu walicheka kwa upendo tu."

"Uliigiza sauti yake, Patriki. Mimi niliisikia sauti yenyewe. Haikuwa ya kuchekesha."

"Nisikilize..."

"Muuguzi mkuu ameniita, nimepewa onyo. Nalistahili, maana kosa la kwanza ni langu, nilimfungulia siri mtu mwenye mdomo. Lakini mama yake alikuwa amekaa pale mbele! Usinipigie tena."

Akakata. Usiku na mchana vikawa na ladha moja. Mectilda alimletea uji, akamwambia wanaume wapo wengi. Kissa akajibu kwamba anajua, na ndilo tatizo, wapo wengi na yeye anamlilia mmoja.

Haikupita muda mrefu simu ikaita kwa namba ngeni.

"Wewe ndiye nesi Kissa? Mimi ni mama yake Margwe. Njoo Mogitu, mwanangu. Nataka kukuona."

Kissa alikwenda. Alimkuta mama yule jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Wimbo gani?"

"Samahani, mama?"

"Uliomwimbia mtoto wangu. Wimbo gani?"

Kissa akaimba. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto, wa bibi yake. Mama Margwe alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya maharage.

"Wakati ule nilikuwa nimevunjika mguu," akasema. "Ndugu zake walimpelekea chakula, mimi nimelala humu humu. Nimeishi najiuliza ni nani aliyemshika mkono. Sasa najua."

"Mama, nisamehe. Siku ile uwanjani ulilia kwa sababu yangu."

"Nililia?" Mama akamkazia macho, kisha akapasuka kicheko, meno machache yakaonekana yote. "Nilikuwa nacheka, mtoto! Siku ya chanjo yule mjinga alipanda juu ya bati la shule, akashushwa na mwalimu mkuu kwa ngazi. Unadhani mimi sijui kwamba alikuwa mwoga?"

Kissa akacheka na machozi yakimtoka.

"Ila yule kijana wako alikosa," mama akaendelea. "Siri haikuwa yake. Alikuja mwenyewe kuniomba msamaha, akapiga magoti palepale ulipokaa, hana utani hata kidogo. Nikamwambia msamaha wangu uko shambani. Chungulia."

Kissa akachungulia dirishani. Koti la ngozi lilining'inia kwenye uzio. Katikati ya shamba, Patriki, shati limeganda mgongoni, alikuwa anapambana na jembe.

"Anakuja kila asubuhi," mama akanong'ona. "Analima vibaya sana. Lakini anakuja."

Kissa akatoka, akavuka matuta. Patriki alipomwona aliachia jembe, akaficha viganja vilivyotoka malengelenge.

"Niliona watu wanaondoka," akasema, "nikauogopa ukimya. Nikachukua kitu kisicho changu nikawarushia. Nimekwenda pia kwa muuguzi mkuu wako, nikamweleza kwamba aliyetangaza ni mimi. Sikuja kukuomba urudi, Kissa. Nilikuwa sijui kama unakuja."

"Najua. Ungekuwa unajua, ungelima vizuri kidogo."

Patriki akatazama udongo, akatabasamu kwa hofu. Kisha akasogea, akasema jambo kwa sauti ndogo sana, upepo ukalichukua nusu.

"Sijasikia. Sauti yako ya jukwaani iko wapi?"

"Hili si la jukwaani." Akamshika mkono kwa kiganja chake chenye malengelenge, akamsogelea sikioni. "Kissa, nikubalie nikuoe."

Kissa akatupa jicho nyuma. Kule mlangoni Mama Margwe alikuwa amesimama, hajifichi hata kidogo.

"Utakuja Tukuyu uongee na baba," Kissa akamwambia. "Uongee kwa heshima. Bila utani."

"Hata mmoja?"

Kissa akamfuta udongo shavuni kwa pindo la kanga yake.

"Mmoja," akasema. "Baba naye anapenda kucheka."