Kitoto Cheupe cha Kizimba cha Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya usafi, Adoyo alipita nyuma ya darasa la sita kuwalisha simbilisi wa klabu ya sayansi, wanyama wadogo kuliko sungura. Alikuja na majani ya viazi kutoka kwao Igogo, akabadilisha maji, kisha akafungua daftari na kuandika alichokiona. Klabu ilitaka kujua jinsi watoto wanavyorithi rangi kwa wazazi, hivyo kila dume na jike wake walikaa kizimba chao. Daftari lilikuwa mikononi mwa Adoyo, naye alilijivunia kupita kiasi.

Jumatatu moja alimkuta jike wa kizimba cha tatu amezaa. Simbilisi huzaliwa na manyoya tayari, kwa hiyo rangi zilionekana pale pale: wawili weusi, mmoja mweupe pepepe. Baba mweusi, mama mweusi! Adoyo akahisi kuna mkono wa mtu. Mkono wenyewe hakuhangaika kuutafuta, maana Kija, aliyekuwa na zamu ya usafi Jumamosi, alifuga simbilisi weupe nyumbani kwao Mirongo.

Akaandika: "Nilimwona Kija akibadilisha mtoto." Hakuwa ameona kitu. Aliona nyasi tu kwenye sweta la Kija. Mengine aliyajaza mwenyewe, na moyo wenye shaka haukosi maneno. Klabu ilipokutana, akaisoma sentensi hiyo mbele ya wote.

"Mimi?" Kija alisema, machozi yakimlengalenga. "Kwa babu Kisesa ng'ombe weusi wanazaa ndama mweupe, na hakuna anayeitwa mwizi!"

Wenzao wakanong'ona. Mwalimu Paskazia, mlezi wa klabu, akamnyanyua yule mweupe na kumgeuza mguu wa nyuma.

"Hesabuni vidole."

Vilikuwa vinne. Simbilisi huwa na vitatu kwa kila mguu wa nyuma. Kidole cha nne, kidogo, alikuwa nacho mama wa kizimba kile peke yake.

"Huyu hakuletwa," mwalimu alisema. "Mama yake ni huyu huyu."

"Basi Kija alimwingiza dume wake mweupe!" Adoyo aling'ang'ania.

"Tutajaribu tena. Wazazi wale wale, kufuli moja, na ufunguo utakaa nao wewe. Kija atakaa nje ya klabu mpaka tujue."

Zilikuwa wiki kumi ndefu. Kija alikula uji peke yake, na wenzake walificha kalamu zao alipokaribia. Adoyo aliuvaa ufunguo shingoni kwa uzi, hata kanisani. Kila asubuhi alilikagua kufuli kama lina mkwaruzo, akitamani kuuona. Hakuuona.

Siku ya jike kuzaa ilipofika, Adoyo alikuwa peke yake tena vizimbani. Weusi wawili, mweupe mmoja.

Adoyo akaogopa. Angeweza kumficha yule mweupe ndani ya sweta, ampeleke Igogo, na hakuna ambaye angejua. Akamshika. Kitoto kikanyoosha mguu, vidole vinne, na aibu ikamjaa Adoyo mpaka akalia. Akakibeba hadi uwanjani alikokuwa Kija akifagia.

"Kija, amezaliwa mwingine mweupe. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Siku ile sikukuona. Nilidanganya."

Kija aliuweka ufagio chini. "Ulinisema mbele ya wote," akajibu. "Kawaambie wote."

Adoyo akawaambia wanaklabu wote.

"Weupe ulikuwa umejificha kwa baba na kwa mama," Mwalimu Paskazia akaeleza. "Waliurithi kwa wazee wao, nao wakampa mtoto."

Adoyo akalifungua daftari na kutoa kifutio, lakini mwalimu akamzuia.

"Usifute. Piga mstari mmoja, ule uongo uendelee kusomeka. Chini yake andika ukweli na jina lako. Kushuku si kosa, mwanangu; shaka ndiyo iliyotufanya tujaribu tena. Kosa ni kuandika shaka kana kwamba umeona kwa macho. Wiki kumi mwenzako amebeba mzigo wa sentensi yako moja."

Adoyo akaandika. Kisha akauvua uzi shingoni na kumpa Kija ufunguo.

Kija akaupokea bila kutabasamu. Akamgeuza mguu yule mweupe, akahesabu vidole mwenyewe, ndipo akaomba daftari na kalamu.