Abiria Asiyeambiwa Ashuke

Mimi ni Koleta, na haya ninayosema yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Genoveva. Nilikuwemo ndani ya gari, tena nimemshika mkono. Kwa hiyo asinijie mtu hapa na elimu yake kuniambia kwamba ilikuwa malaria imenipanda kichwani.

Nianze na gari lenyewe. Mume wa dada, Desderius, alikuwa fundi makenika pale Keza, na mwaka sabini na nne alinunua Fiati elfu moja mia moja kwa Mtaliano mmoja mjenga madaraja aliyekuwa anarudi kwao. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, mtu kuwa na gari lake ilikuwa balaa. Mwenyekiti wa kijiji alimwita kupe mbele ya mkutano mzima. Halafu jino lilipomuuma mke wa mwenyekiti, nani alipigiwa hodi alfajiri? Kupe huyohuyo.

Na alilipenda, weee! Jumamosi asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini utadhani anamwogesha mtoto mchanga, na akipata msikilizaji, ndiyo basi tena.

"Shemeji, hizi elfu moja mia moja ziko za aina aina," alikuwa akiniambia. "Yangu ni ya hamsini na saba. Milango ya mbele inafunguka kinyumenyume, bawaba ziko nyuma. Baadaye wakaleta ya D, milango wakaigeuza ikawa kama ya kila mtu. Ikaja ya R, gia wakaitoa kwenye usukani wakaishusha sakafuni. Na hizo mia moja ishirini na nne wanazozisifia siku hizi ni maboksi ya sabuni tu."

Mimi kwangu gari ni gari. Lakini lile lilikuwa zuri, nakiri, rangi yake ya maziwa na taa zake za mviringo. Shida ilikuwa ile milango. Upepo ukiukuta mlango uko wazi, unaubeba na bawaba zake. Ndiyo maana hakuruhusu mtu mwingine aifungue wala aifunge. Hata dada, mke wake wa ndoa ya kanisani, alikaa kama mfungwa mpaka bwana azunguke amfungulie.

Novemba ya sabini na nane vita vikaanza. Malori na Landrova zikachukuliwa kwenda mpakani. Fiati wakaitazama, wakacheka, wakamwachia. Mwezi huohuo Desderius alikwenda Biharamulo kutafuta kipuri, na huko akakutana na Malongo, Msukuma mfugaji wa Nyakahura. Malongo alikuwa analia. Kaka yake, Ndassa, amefia hospitali, na hakuna gari la kumrudisha nyumbani.

Desderius hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikubali palepale. Lakini Fiati ni ndogo, na nyuma walikaa Malongo na wanawake wawili wa msiba. Basi marehemu wakamviringisha blanketi, wakamkalisha kiti cha mbele, kushoto kwa dereva, na Malongo akawa anamshika kichwa kutoka nyuma.

Kwa watu wa mji ule wa kina Malongo, maiti akisafirishwa huongeleshwa njia nzima. Huambiwa hapa tunavuka mto, hapa ni njia panda tunashika kulia. Akifika kwake, mlango huachwa wazi, na nduguye humwita jina mara tatu, humwambia, "Shuka, umefika." Mwili unaweza kubebwa, lakini mwenyewe hashuki mpaka aambiwe.

Njiani Desderius alivumilia yale maongezi, ingawa alikuwa anashika rozari yake mfukoni. Walipofika, alizunguka akafungua mlango mwenyewe, wakatoa mwili. Upepo ulikuwa mkali siku ile. Malongo akasimama mbele ya ule mlango, akaita, "Ndassa!" Mara moja tu.

Desderius akaubamiza.

"Bawaba zangu, bwana! Mwombolezeeni huko ndani!" Akawasha gari, akaondoka.

Hilo ndilo kosa. Kosa la mtu anayependa mlango kuliko anavyoogopa Mungu.

Wakati ule dada alikuwa na mimba ya miezi mitano. Miaka tisa ya ndoa, na ndiyo ilikuwa ya kwanza. Miaka tisa ya kusikia mawifi wakinong'ona kisimani! Mimba ile ilikuwa roho yake. Tulikuwa hatumruhusu hata kuinua ndoo.

Jumapili iliyofuata walitaka kwenda misa. Desderius akamfungulia kiti cha mbele. Dada akakaa, na papo hapo akainuka.

"Kiti kina joto," alisema.

"Ni jua."

"Gari lilikuwa ndani ya banda, Desderius."

Tangu siku ile hakukaa tena mbele. Na lile gari likawa linalala upande wa kushoto, hata likiwa tupu. Desderius alibadilisha springi. Likalala vilevile. Kitasa cha mlango ule alikifungua na kukifunga upya mara tatu, maana kila asubuhi aliukuta mlango umeachia kidogo, kama mtu aliyejaribu kutoka akashindwa.

Mwezi wa pili Malongo alikuja kwa miguu kutoka Nyakahura. Alimwamkia shikamoo mama yetu, tuliyekuwa naye pale kumtunza dada, akakaa kwenye kigoda, akaongea kwa upole hata ukamwonea huruma.

"Ndugu Desderius, mke wa marehemu anamwota. Amekaa tu, anatazama mbele. Lete gari nyumbani tumshushe. Ni dakika moja."

"Gari langu siyo kaburi," Desderius alijibu. "Na mimi ni Mkatoliki."

Dada alimpigia magoti mumewe usiku ule. Nilisikia. Akamwahidi kwamba atakwenda, wiki ijayo, wiki nyingine. Kiburi na aibu, vyote pamoja. Akaahirisha hadi Malongo akaitwa mgambo, akaenda vitani.

Uchungu ulimshika dada Jumapili ya kwanza ya Machi, tumetoka misa. Hospitali ya karibu daktari wake alikuwa amepelekwa mstari wa mbele. Ikabaki Biharamulo. Siku zile ilikuwa marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa kubana mafuta, kwa hiyo barabara nzima ilikuwa yetu peke yetu. Jua kali. Hakuna baiskeli, hakuna ng'ombe. Mimi na dada tulikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mkono wangu juu ya tumbo. Mtoto alikuwa anacheza. Nilimhisi akipiga teke, nikacheka kwa furaha.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Tulipoanza kuikaribia Nyakahura, springi za kile kiti zikalia. Kwii. Kama mtu anayejisogeza kutazama nje. Nilimwona Desderius akikaza macho barabarani. Shingo yake ilikuwa inatiririka jasho.

"Usisimame," nikamnong'oneza. "Shemeji, usisimame."

Hakusimama. Gari ndilo lililosimama. Injini ilizimika mbele ya njia ya kwa Ndassa, na gari likaserereka taratibu, likatulia. Akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya. Dada akauma kanga yake.

Mlango wa kushoto ukalia kitasa. Ukafunguka wote. Majani ya kando ya barabara yalikuwa yametulia, hakukuwa na upepo hata kidogo.

"Mwambie," dada alisema kwa taabu. "Mwambie ashuke. Mwanangu, Desderius."

Desderius akavua kofia.

"Ndassa," akanong'ona. "Ndassa. Ndassa. Shuka. Umefika."

Springi zikainuka. Niliona. Ngozi ya kile kiti ilikuwa imebonyea, ikajaa. Gari zima likanyanyuka upande wa kushoto. Halafu mlango ukafungwa. Polepole, kwa adabu, hata Desderius mwenyewe hajawahi kuufunga hivyo.

Injini ikawaka yenyewe.

Na chini ya kiganja changu tumbo likashuka. Sijui niseme vipi. Lilikuwa gumu, la duara, lina mtu. Likawa laini. Likawa bapa. Hakuna maji, hakuna damu. Kanga ilikuwa kavu.

"Koleta," dada aliniita. "Maumivu yameisha."

Mungu anisamehe. Niliacha mkono wangu palepale hadi Biharamulo, naufunika ule utupu ili asiujue. Muuguzi mmoja mtu mzima alimpima, akampima tena, akanivuta pembeni. "Mama huyu hana mimba," alisema. "Na hajazaa. Mmemleta kwa nini?" Tulipomwambia dada, hakulia. Aligeukia ukutani, akaanza kuzikunja zile nguo za mtoto tulizobeba, moja moja.

Jumatatu asubuhi tulirudi. Dada mwenyewe ndiye aliyesema tusimame Nyakahura. Mjane wa Ndassa, Nshoma, alitupokea uani akiwa ameshika ufagio, na uso wake ulikuwa umebadilika kabla hatujasalimiana. Akatupeleka nyuma ya zizi.

Kaburi la Ndassa lilikuwa pale, la miezi minne, majani yameanza kuota. Ubavuni mwake lilikuwepo jingine, dogo, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nalo lilikuwa na majani. Udongo wake umekauka na kupasuka, kama umekaa hapo masika na kiangazi.

"Juzi nilifagia hapa," Nshoma alisema. "Halikuwepo. Nani amezikwa kwangu?"

Desderius akapiga magoti. Dada alibaki amesimama. Maziwa yalikuwa yanamtoka, yameilowesha blauzi yake yote mbele.

Hawakupata mtoto mwingine. Desderius alilisukuma lile gari hadi korongoni huko Keza, akalitia moto, na mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Dada sasa ni mtu mzima, miguu haimruhusu kusafiri. Mimi ndiye ninayekwenda Nyakahura kila mwaka, mwezi wa tatu, na kamba ya kulipimia lile kaburi dogo.

Mwaka wa pili urefu wake ulikuwa kutoka unyayo wangu hadi kwenye paja. Hakuna aliyeligusa, watoto wa Nshoma waliapa. Mwaka wa saba lilinifika kifuani. Mwaka wa kumi na tano nililala chini pembeni yake, nikalipima kwa mwili wangu, na lilikuwa limenizidi kichwa.

Nikirudi, dada huwa amekaa mlangoni. Hanisalimu. Huichukua ile kamba, huinyoosha ukutani kutoka sakafuni, huweka alama kwa mkaa, halafu husimama akiitazama ile alama, shingo ameinua juu.