Sindano Nzito

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, siku wakubwa wa soko walipokata umeme bila kumwambia mtu. Ofisini kwao feni zilizunguka kwa jenereta. Huku chini, kwenye ujia wa mafundi, watu walipapasana gizani, na hapo mshonaji mwenye gauni la njano akamvaa fundi redio kifuani, mikononi kabeba mashine ya santuri.

"Jamani, kaka! Nimekuumiza?"

"Mimi nitapona. Nauliza hiyo mashine."

"Ya marehemu baba. Inaimba kama ina mafua."

"Basi umemgonga daktari."

Akacheka. Kicheko hicho kilimmaliza fundi, ambaye soko zima lilimwita Besi kwa kupenda muziki unaotikisa kifua. Mshonaji akamwachia mashine, na juu yake santuri moja isiyo na jalada: marehemu mama yake akiimba, enzi za usichana wake, nakala pekee iliyopo.

"Ukimaliza kutengeneza tutaisikiliza wote. Usiipige bila mimi."

"Siigusi, dada."

Besi akafanya kazi kwa moyo. Akabadili mkanda uliolegea. Akaweka raba chini ya mota isitetemeshe sindano. Mshonaji akamletea kipande cha kitambaa kizito, akakikata duara, kikawa godoro la santuri. Na simu hazikukauka.

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Anakuulizia. Daktari anakuulizia zaidi."

"Daktari aache maneno, atibu!"

"Mpenzi, aliyelazwa sasa ni mimi."

Nyuma ya mkono wa sindano kuna kizito kidogo cha kuzungusha. Ukikisogeza mbele, sindano inakandamiza zaidi. Besi akakisogeza apate ule mdundo wake. Kisha, hajui shetani gani alimsukuma, akaweka santuri ya mama. Sauti ikatoka nene, ya karibu, kama mtu amekaa pale kwenye stuli. Ilikuwa sauti ya mshonaji kabisa, ila imekomaa. Akairudia. Kila mchana akairudia, akimtafuta binti ndani ya mama. Santuri za dukani ni ngumu, zinavumilia. Ile ilikuwa laini, ya kuchongwa moja moja, na sindano ikailima kama shamba. Alipokuja kushtuka, mama alikuwa anaimba nyuma ya sauti kama ya mafuta yanayochemka.

Akaacha kupokea simu.

"Umepata mwingine, sema tu!" mshonaji alimwachia ujumbe wa sauti. "Mashine ya baba yangu unamchezeshea nani?"

Ijumaa akaja mwenyewe, kilemba kimefungwa kwa hasira, tepu ya kupimia bado shingoni.

"Washa."

Besi akawasha. Ukasikika mkwaruzo wa mchanga, na mbali huko, mwanamke.

"Mama yuko wapi?"

"Ni huu umeme," Besi akasema. "Wakubwa wanaushusha, mota inakosa nguvu..."

Wakubwa wa soko wana dhambi za kuwatosha. Wanafunga vyoo, wanakata taa mtu ana sindano mkononi, wanamvunjia mjane kibanda na kesho yake wanasalimia watu kwa tabasamu. Lakini hii haikuwa yao. Besi mwenyewe akaona haya kuwabebesha.

"Mwongo mimi," akasema, macho chini. "Niliipiga. Nilikuwa nakusikia wewe humo. Uzito nimeuongeza kwa mkono huu huu."

Mshonaji akalia, akamtukana, akakaa kwenye stuli, akalia tena.

"Mimi mtoto wake nilikuwa naipiga mara moja kwa mwaka, mjinga wewe! Naogopa kummaliza."

Besi akakirudisha kile kizito nyuma, akaishusha sindano taratibu. Wakasikiliza kilichobaki. Wimbo ulipokwisha, mshonaji hakuinuka kuondoka, na Besi hakujua afurahi au aombe ardhi immeze.

"Nataka kukuoa," akasema. "Wala si fidia. Nilitaka tangu uliponigonga."

"Leo ndiyo unaniambia? Na mama yangu yuko hivyo?"

"Nisipokuambia leo, nitakimbia tena."

Mshonaji akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Akamtazama mikono, kisha uso, kwa muda mrefu, bila kinyongo na bila huruma.

"Mama yangu ulimpenda mpaka akaisha," akasema. "Mimi nikikaa na wewe kila siku, Besi, utanibakisha?"