Mabaka Mgongoni kwa Mama

Kila Alhamisi baada ya shule, mimi na Mama tulibeba ndoo, sabuni nyeusi na glavu ya kusugulia, tukashika njia ya hamamu, bafu la mvuke la mtaa. Kwetu Meknes, Moroko, mtu asiyesuguliwa mpaka taka zikamtoka kama tambi, hajaoga. Nami nilikuwa hodari. "Huyu Wiam ana mkono!" wanawake walisema, na kichwa kikanivimba.

Kisha Mama akaanza kutibiwa saratani ya titi. Dawa zilimnyang'anya nywele na hamu ya kula. Siku moja, baada ya kumpima damu, Nesi Bushra alitukalisha chini.

"Dawa hizi zinapunguza chembe zinazogandisha damu," alisema. "Kwa hiyo kusuguliwa marufuku, aspirini marufuku, na mswaki uwe laini. Ukiona damu au madoa, njoo siku hiyohiyo."

Mama aliitikia kwa adabu. Tulipotoka nje akacheka. "Kasichana kale! Kana hata hamamu kwao?"

Mama mdogo Rahma alikuwa aolewe Jumamosi. Alhamisi ya wiki hiyo Mama akachukua ndoo.

"Nanuka dawa, mwanangu. Nisugue zitoke."

"Lakini nesi alisema..."

"Nesi ndiye aliyekuzaa?"

Nilimsugua kwa nguvu zangu zote, nikidhani ugonjwa nao utatoka pamoja na taka. Ujinga wangu huo!

Ijumaa asubuhi, nikimsaidia kuvaa, nilipiga ukelele. Mgongo mzima ulikuwa na mabaka ya zambarau, na miguuni vilijaa vidoa vyekundu vidogo mno, kama amechomwa ncha za sindano.

"Nyamaza!" Mama alinishika mkono. "Ukisema, watanilaza. Rahma nimemlea mimi tangu mama yetu afariki. Aolewe bila mimi? Niahidi hutasema."

Nikaahidi. Mchana wageni wa harusi walikuja kula kwetu. Nilimtazama Mama akicheka na wageni.

Baada ya chakula, Rahma alikuja kutuonyesha vazi lake la harusi. Mama alikuwa amejiinamia, taulo puani. Taulo lilikuwa limelowa damu.

"Joto tu hili," Mama alisema, akanikazia macho.

Nilijua maana ya macho yale. Halafu damu ikadondoka sakafuni, nikashindwa.

"Si joto! Mama mdogo, mtazame mgongo! Nilimsugua mimi jana, na nesi alikataza!"

"Mtoto huna haya wewe!" Mama alifoka. Lakini Rahma alikwisha kulitupa vazi lake kitini, anaita teksi.

Hospitalini walimpima damu. Nesi Bushra aliposoma majibu, uso ulimbadilika.

"Chembe zimebaki chache mno. Damu ingeanza kuvuja kichwani, tusingewahi."

Walimtundikia mfuko wa chembe zilizochangwa na watu, majimaji ya manjano kama mchuzi wa kuku. Kabla ya magharibi damu ya puani ilikoma. Daktari aliahirisha dawa za saratani mpaka chembe zipande, akasema safari ijayo atapunguza kipimo.

Harusi ilipita bila Mama. Jumamosi nzima aligeukia ukutani, hakunisemesha. Nililia chooni peke yangu. Nesi Bushra alinikuta huko.

"Alikuamini, nawe ukavunja ahadi. Inauma, najua," alisema akinifuta machozi. "Lakini ahadi ya kuficha ugonjwa haifungi mtu. Sisi tunatibu tunachoambiwa. Ungemwacha mama yako afiche, ungekuja kumlilia."

Jumapili asubuhi majibu mapya yalikuja: chembe zimepanda. Rahma naye aliingia na hina yake mikononi, akamkumbatia Mama taratibu, asimuumize.

"Umenisamehe kwa kuikosa harusi yako?" Mama aliuliza.

"Dada, sherehe imepita. Wewe upo."

Mama akaniita nikae kitandani.

"Wiam, tangu umezaliwa namwomba Mungu anipe mtoto msikivu." Sauti ilimkatika. "Juzi ungekuwa msikivu, mwanangu, leo mngekuwa mnapokea rambirambi. Mkubwa akikuambia ufiche damu, usimtii. Hata akiwa mimi."