Maji Baridi Sikioni mwa Debra

Kila asubuhi Debra alitoka Waithaka na kufika Lavington kabla watoto wa tajiri wake hawajaamka. Alipika uji, akafua, akapiga pasi. Lakini mwezi huo masikio yake yaliziba kwa nta.

"Debra! Nimekuita mara tatu! Umekuwa kiziwi?" tajiri wake, Mama Jackie, alifoka.

Debra aliogopa kufutwa. Alinunua bomba la sindano kwenye duka la dawa. Akalijaza maji ya mfereji wa nje, yenye baridi ya Julai, akayasukuma sikioni.

Ghafla ukuta ukazunguka. Moyo ukaenda mbio, kisha kama ukasita. Akatapika kwenye maua. Kibe, mtunza bustani, alipindua ndoo yake akamkalisha, akamfunika kwa koti lake mwenyewe.

Mama Jackie akatoka. "Kutapika asubuhi? Hiyo ni mimba. Chukua vitu zako uende!"

"Mama, sina mimba!"

"Nyinyi wasichana mnatuona wajinga. Toka!"

Katika zahanati ya Waithaka, muuguzi Nthiwa alimpima. Hakukuwa na mimba. Debra alipomweleza habari ya maji, Nthiwa alipiga meza kwa kiganja.

"Na hakuna aliyekuuliza kabla ya kukufukuza? Sikiliza, dada. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachokusaidia kusimama bila kuyumba. Maji baridi hukishtua. Kichwa kinaambiwa unazunguka, na wewe umesimama tu! Habari hiyo inafika tumboni, unatapika. Inafika hata kwenye moyo, mapigo yanabadilika."

"Kumbe moyo wangu si mbovu?"

"Mapigo yako sasa ni sawa. Lakini kizunguzungu kikirudi bila maji, njoo haraka. Na hilo bomba, tupa!"

Nthiwa alikagua ngozi nyembamba ya ndani ya sikio. Haikuwa imetoboka. Akampa mafuta ya kulainisha nta, matone machache kwa siku tano. Siku ya sita akamwosha masikio kwa maji vuguvugu, yenye joto la mwili. Safari hii chumba hakikuzunguka. Debra alisikia hata kuku wa jirani.

Debra akampelekea Mama Jackie barua aliyoandikiwa na Nthiwa, ikieleza kilichomtapisha. Mama Jackie aliisoma langoni, mara mbili.

"Basi, rudi kazi kesho."

"Nitarudi, Mama. Lakini ulinitukana mbele ya Kibe. Niombe msamaha mbele yake."

Mama Jackie aliikunja barua. Kisha akageukia bustani.

"Kibe, kuja hapa. Nilimkosea Debra. Hakuwa na mimba. Alikuwa anajaribu kunisikia."