Upenyo wa Herufi He

Asubuhi ile Nissim Alfandari alikuta herufi He ya Kiebrania imefungwa.

Ilikuwa moja tu, katikati ya ukurasa wa Torati aliouacha jana ukiwa safi. Na Nissim, mwandishi wa Torati aliyeaminiwa kuliko wote katika mji wa Safed, hakuwa mtu wa kukosea He. Ina paa, ina mguu wa kulia ulioshikamana na paa, kisha mguu mfupi wa kushoto unaoning'inia peke yake bila kugusa kitu. Chini iko wazi. Maana yake aliwafundisha watoto wa mtaa mwenyewe: huko chini ndiko anakopitia kutoka mwenye kutaka kuasi, hazuiwi, na ule upenyo mdogo wa juu Mungu ameuacha ili aliyetoka, akijuta, apate pa kurudia.

"Hata kama amechafuka?" bintiye Luna aliwahi kumuuliza, siku hizo bado hana meno ya mbele.

"Hata kama amechafuka," alimjibu.

Sasa mguu umegusa paa. Aliinusa ngozi ya kuandikia. Ilinuka sufu iliyolowa theluji.

"Wino umechuruzika," alimwambia mkewe Bulisa.

"Umechuruzika kwenda juu?"

Alimkata jicho, akaukwangua mguu wote, akauandika upya. Kesho yake zilikuwa zimefungwa nyingi. Keshokutwa ikafungwa He iliyomo ndani ya Jina la Mungu lenyewe, na Jina halikwanguliwi. Ngozi nzima ilibidi ipelekwe makaburini ikazikwe kama mtu. Ikafuata nyingine, na nyingine. Kila moja ikizibwa, Nissim alihisi kifua kinambana, pumzi ikipita kwa shida, na alipojitazama kwenye beseni la maji aliona midomo yake imeanza kuwa ya bluu.

Kisha mlango ukaanza kubishwa wakati wa kula. Ulibishwa chini kabisa, karibu na kizingiti.

Bulisa aliweka kijiko. "Baba Luna," alisema polepole, "unasikia?"

"Nilikukataza kuniita hivyo."

Alikuwa amelikataza jina hilo tangu Luna alipotoroka na mwenye nyumbu wa Dameski, bila ndoa wala kuaga. Majira ya baridi yaliyofuata msichana alirudi peke yake, jioni ya kuingia Sabato, mishumaa imeshawashwa, theluji imefika magotini. Akabisha. Bulisa aliinuka, Nissim akamshika kifundo cha mkono, akamkalisha.

"Ni upepo tu," alimwambia. "Kula."

Walikula samaki wao mpaka wakamaliza, na upepo ule ulikuwa unaita mama. Asubuhi walimkuta amekufa, shavu limeganda kwenye kizingiti.

Ikabidi aitwe Shangazi Estrea, mwanamke wa mtaa wao anayejua kuwatuliza majini kwa asali na sukari. Jina lao hakulitaja; nyumbani kwa watu wa Safed halitajwi.

"Wale walio bora kuliko sisi walimwokota binti yako mlangoni pako," alimnong'oneza Nissim. "Walimkaribisha wao. Toa vitabu vyote vitakatifu. Bandua na ile ngozi yenye maandiko iliyo mwimoni mwa mlango. Kisibaki hata kipande chenye Jina, maana hilo wataliona tusi. Ubaki peke yako, mlango nusu wazi, bakuli la asali mezani. Akibisha, sema karibu."

"Nisiposema?"

"Basi hiyo pumzi uliyobakiwa nayo itakutosha leo tu."

Bulisa ndiye aliyebeba vitabu kuvipeleka kwa jirani. Hakugeuka nyuma. Naye Nissim, kwa kiburi chake kilekile, alikunja ngozi ya mwimoni, iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, akaificha kifuani.

Ilikuwa mchana bado. Harufu ya sufu mbichi ilitangulia, halafu pakabishwa chini, taratibu, na sauti ya mtoto asiye na meno ya mbele ikauliza, "Baba, hata kama nimechafuka?" na Nissim alijua neno analotakiwa kulisema, lilikuwa neno moja tu, lakini ulimi ulimgoma kwa sababu hata wakati ule aliona aibu majirani wasije wakamsikia anamkaribisha, akaichomoa ile ngozi kifuani akainyoosha kuelekea mlangoni ili Jina limlinde, na mlango ukajifunga taratibu bila kuguswa, na alipoitazama ngozi mkononi mwake aliona miguu ya kushoto ya kila He inapanda, inapanda, mpaka ikagusa paa.

Alirukia mlango. Komeo lilikuwa halijashushwa, ila mlango haukusogea. Nyuma yake mtu aliyelowa alivuta kiti, akaketi, akaanza kulamba asali.

Baridi ilimfika magotini. Kifua kilizibwa. Nissim alianguka, akabisha kwa kucha, chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Mama Luna," aliita kwa pumzi aliyobakiwa nayo. "Mama Luna, nifungulie."

Alisikia nyayo zikisimama nje. Alisikia Shangazi Estrea akiuliza, "Si kama kuna mtu anabisha?"

Kisha sauti ya Bulisa, imetulia.

"Ni upepo tu, Shangazi. Twende tukale."